Alikuwa Mke Tu: Uchambuzi wa Kisa cha Bi Hawa Mohamed

Ndoa ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilifungwa mwaka 1971, ikavunjwa mwaka 1980 katika Mahakama ya Mwanzo ya Wilaya ya Ilala, Kariakoo, Dar es Salaam. Baada ya talaka mwanamke aliomba apewe sehemu yake katika nyumba. Mahakama ikamkatalia. Nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake mwenyewe, ilisema, na yeye alikuwa mke tu. Alikata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Hakukubali yaishe. Alipanda hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na mwaka 1983 ikatoka hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ambayo mpaka leo mawakili wa Tanzania Bara huitaja karibu kila mara wanandoa waliotalikiana wanapogombania mali. Inajulikana kwa jina la mwanamke aliyekata rufaa: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya mazungumzo tuliyonayo sasa kuhusu ndoa. Kila upande ni malalamiko: vijana wanaogopa kuoa, mabinti wanaogopa kuolewa, wakioana hawadumu, watoto wanaishia kulelewa na bibi. Dawa tunayotoa ni mausia. Kwenye kitchen party somo anamfunda mwali avumilie na atunze siri za nyumba. Kanisani kuna mafundisho ya ndoa, msikitini kuna hutuba ya nikahi, na wazee nao wana yao ya kusema siku mahari inapopelekwa. Yote hayo ni mema, wala sina ugomvi nayo. Ila nimekaa kwenye nasaha nyingi za namna hiyo na sikumbuki hata moja ambapo mtu aliwauliza maharusi: mkinunua kiwanja, hati itaandikwa jina la nani? Na yule atakayebaki nyumbani na watoto, kazi yake mtaihesabu vipi? Kisa cha Bi Hawa kinaonyesha yanayotokea pale maswali hayo yanapoulizwa kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.

Sheria yenyewe ilikuwa changa. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 ilitokana na Karatasi ya Serikali Na. 1 ya mwaka 1969, iliyopendekeza kwamba ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za Kikristo, za Kiislamu, za kimila au za kiserikali, zisimamiwe na sheria moja. Zanzibar ilibaki na utaratibu wake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama, inapotoa talaka au amri ya kutengana, uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa walizichuma kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa yao. Katika kugawa, mahakama inatakiwa iangalie mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo, ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa.

Fedha na mali hazikumsumbua mtu. Mgogoro ulikuwa kwenye kazi. Kazi ipi? Kuuza kwenye duka la mume, kubeba tofali, kulima shamba? Au pia kuamka alfajiri kuchota maji, kupika, kufua, kumpeleka mtoto kliniki, kumuuguza mama mkwe hadi anazikwa? Sheria haikufafanua, na Mahakama Kuu ikagawanyika. Baadhi ya majaji walisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke, hazinunui bati wala saruji, kwa hiyo hazihesabiki. Wengine walisema zinahesabika. Mwanamke aliyeangukia kwa jaji wa fikra ya kwanza alitoka mikono mitupu, na mwenzake aliyeangukia kwa jaji wa fikra ya pili akapata fungu, ingawa wote wawili waliishi maisha ya namna moja.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa na miaka minne tu. Ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kuondoka na mahakama yake ya rufani. Katiba ya nchi ilikuwa bado haina sura ya haki za binadamu. Hiyo iliingizwa mwaka 1984. Kwa hiyo majaji hawakuwa na kifungu cha Katiba cha kuegemea. Walikuwa na Sheria ya Ndoa na akili zao.

Walianza na mali. Sheria inazungumzia mali ya ndoa bila kusema ni ipi. Mahakama ikaifasiri kuwa ni mali ya familia: vile ambavyo mmoja wao au wote wawili wamevipata kwa nia kwamba viwatunze wao na watoto wao kwa muda wote wa maisha yao pamoja. Tafsiri hiyo ina uzito, kwa sababu inaitazama nyumba kwa kazi inayofanya katika maisha ya familia kabla ya kutazama jina lililo kwenye karatasi.

Kisha wakaingia kwenye kazi. Waliuliza Bunge lilikuwa linatibu ugonjwa gani lilipotunga sheria hii. Jibu lao lilikuwa la wazi kuliko nilivyotarajia kwa hukumu ya miaka ile: ugonjwa ni unyonyaji na ukandamizaji wa jadi wa wanawake walioolewa, unaofanywa na waume zao, na sheria ilikusudia kupunguza hali hiyo ya kutokuwa sawa. Walikiri kwamba dalili zake zimebaki ndani ya sheria yenyewe, kwa mfano kuruhusiwa ndoa ya wake wengi, lakini wakasema hilo haliondoi lengo kuu. Halafu wakatamka kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya lazima ya shughuli za kiuchumi za mtu mwenye familia, na kwa hiyo anachokifanya mwanandoa kwa ajili ya ustawi huo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Juhudi za pamoja, kwa maana hiyo, zinaingiza na kazi za nyumbani.

Tuitazame hoja hii kwa jicho la mtu wa kawaida. Baba anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku. Anaacha kodi ya meza, na kile anachobaki nacho anaweka kidogo kidogo hadi anapata kiwanja, kisha msingi, kisha kuta, kisha bati. Angewezaje kubaki na kitu kama ingebidi alipe mtu wa kupika, mtu wa kufua, mtu wa kulala na watoto, mtu wa kukaa hospitali mtoto anapolazwa? Ile akiba iliyogeuka tofali ilipatikana kwa sababu kuna mtu alizifanya kazi hizo bila kulipwa. Mtaani mwanamke huyo tunamwita golikipa, na jina hilo hutolewa kama kejeli, kana kwamba amekaa tu akisubiri. Mahakama ya Rufani ilikataa kumtazama hivyo.

Wapo wanaosema: lakini huo ni wajibu wake, na wajibu haulipwi. Hoja hii naisikia hata kwa watu ninaowaheshimu sana. Ikiwa tunaifuata, basi tuifuate mpaka mwisho. Kifungu cha 63 cha sheria hiyohiyo kinamwajibisha mume kumtunza mkewe kwa makazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Dini na mila zinasema vivyo hivyo. Mume anayejenga nyumba ya kuishi mke na watoto anatimiza wajibu. Mbona hatumwambii kwamba kwa kuwa ulikuwa wajibu wake, nyumba haihesabiki kuwa jasho lake? Kama wajibu wa mmoja unageuka kuwa mali na wa mwenzake unageuka kuwa moshi, hapo tumeacha kuitetea ndoa, tunatetea upande mmoja wa ndoa.

Mpaka hapa kisa kinasimuliwa sana kwenye semina na vipindi vya redio, na wengi huishia hapo. Lakini rufaa ile haikumpa Bi Hawa kitu.

Baada ya kuweka msingi huo mkubwa, mahakama iligeukia mwenendo wake kama ulivyoelezwa katika ushahidi uliokubaliwa na mahakama za chini. Mume alikuwa amempa fedha za kuendeleza mradi wa familia, naye akazitapanya. Majaji waliona kwamba kwa mwenendo huo alikuwa ameupunguza mchango wake mwenyewe katika ustawi wa familia hadi karibu kwisha, na kwamba alichokwisha kukipokea kilitosha kuwa fungu lake. Rufaa ikatupwa. Mwanamke aliyewafungulia mlango wengine alibaki nje.

Sehemu hii ya hukumu inanipa taabu, na sitaki kuipita haraka. Ukiisoma kwa upande mmoja, inaeleweka. Kama kutunza nyumba ni kuchangia mali, basi kuiharibu ni kuipunguza, na asiyekubali la pili hana haki ya kudai la kwanza. Mwanamke anayechukua mtaji wa familia na kuufuja anawanyima watoto wake. Lakini kifungu cha 114 hakitaji popote kwamba mwenye makosa katika ndoa anyimwe mali. Kinataja mila, mchango, madeni na watoto. Mahakama iliuingiza mwenendo kwa kupitia mlango wa mchango, na mlango huo una hatari, maana ni rahisi mno kuukagua mwenendo wa mke na kuuacha wa mume. Mke akipoteza fedha za mradi, hesabu inafanywa. Mume anayemaliza mshahara baa, au anayeendesha nyumba ndogo kwa fedha za ada ya watoto, ni mara ngapi tunasikia hesabu yake ikipigwa? Ninachoamini ni kwamba kanuni hii ni nzuri ikipimwa kwa mizani moja kwa wote wawili. Ikipimwa kwa mke peke yake, ile hukumu inajitafuna yenyewe.

Na hapa ndipo ninapoona kisa hiki kina la kuwaambia wanaopigania ndoa idumu. Hatujui yote yaliyokuwa ndani ya nyumba ile, wala si yetu kuyajua. Lakini sura ya mgogoro tunaifahamu, kwa kuwa iko katika nyumba nyingi. Mmoja anatoa fedha bila makubaliano ya wazi ni za nani na zikipotea inakuwaje. Mwingine anazipokea kama zawadi au kama zake. Mmoja anaamini nyumba ni yake, mwingine anaamini ni yao. Kila mmoja anaishi na jibu lake miaka tisa bila kulitamka, kwa sababu kuuliza habari za mali kunaonekana ni kukosa mapenzi, au kujiandaa kuachika. Tumewafundisha vijana kwamba kimya ni heshima. Katika jambo la mali, kimya ni deni linalokua.

Upo upinzani kutoka kwa wanaume wengi, na si wa kubeza. Wanasema sheria ya namna hii inawafanya mabinti waolewe kwa ajili ya nyumba, wakae mwaka mmoja, waombe talaka, wagawiwe. Hofu hiyo inawafanya wengine wasiandikishe ndoa kabisa, waishi tu na mwanamke wakidhani wamejikinga. Nawaomba waisome sheria. Kuhesabu kazi ya nyumbani si sawa na kugawa nusu kwa nusu. Mahakama za Tanzania zimeendelea kusema baada ya 1983 kwamba kiwango cha mchango ni jambo la ushahidi, na anayedai hana budi kuuonyesha. Ndoa ya mwaka mmoja haina kazi ya miaka ishirini ndani yake. Na kuishi bila ndoa hakumkingi mtu: kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kuwa mke na mume, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa hivyo mwanamke bado anaweza kuomba nafuu ambazo mke angeziomba. Anayekimbia ndoa kwa kuogopa mgawanyo hukutana nao mlango wa nyuma, akiwa amekosa baraka za wazazi na heshima ya ndoa pia.

Upinzani wa pili ni wa kidini, nao unahitaji kusikilizwa kwa adabu. Waislamu wengi husema Uislamu haukuweka mali ya pamoja: cha mume ni cha mume, cha mke ni cha mke, naye mke halazimiki kutoa hata senti yake kulisha nyumba. Akiachwa ana haki ya matunzo ya eda, mahari yake kama haijalipwa, na mut'a, yaani kitu anachopewa cha kumliwaza. Ni kweli, na ni kinga ambayo wanawake wa dini nyingine hawakuwa nayo kwa karne nyingi. Lakini wanachuoni walikwisha kuliona pia jasho la mke ndani ya mali ya mume. Huko kaskazini mwa Morocco, katika karne ya 16, Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba wanawake wa mashamba wanaofanya kazi pamoja na waume zao wana fungu katika kilichozalishwa. Malaysia nako, mahakama za sharia zinagawa mali iliyochumwa katika ndoa, na kazi za mke nyumbani huzingatiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kushika dini yake kikamilifu na bado akaona kwamba mwanamke aliyekaa miaka na mumewe mpaka duka likawa maduka matatu hastahili kuondoka na begi la nguo.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia ndefu zaidi na ya kupinda. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa kuzihesabu kazi za mke nyumbani kuwa mchango katika mali. Katiba ya 2010 ikaja na ibara ya 45, inayosema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaorodhesha waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia, kilimo na hata kuwa mwenzi kwa mwenziwe, kwamba vyote ni mchango. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba haki sawa haimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Tanzania ilikuwa imefika karibu na hapo miaka arobaini kabla, kwa hukumu moja.

Kwa hiyo niwaambie nini wanaoandaa vijana kwa ndoa? Niwaambie wafungue sheria pamoja nao, kama wanavyofungua Biblia au Kurani. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, itadhaniwa ni ya huyo peke yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote, itadhaniwa wana haki sawa. Kijana akilijua hili kabla ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishiana mauziano ya kiwanja, atajua kwamba kuweka majina mawili ni tamko la ndoa lenye nguvu kuliko keki ya ghorofa tano. Kifungu cha 59 kinazuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana benki zinadai saini ya mwenza kabla ya kutoa mkopo. Wangapi wanatia saini hiyo bila kuusoma mkataba, kwa sababu kuuliza kiasi cha mkopo kutaonekana ni kumshuku mume? Somo anayemfunda mwali angemwambia tu, "Mwanangu, usisaini usichokielewa," angekuwa ameilinda nyumba ile kwa miaka.

Wanaume nao wafundwe. Sehemu kubwa ya mausia yetu humwelekea mke, na bwana harusi anabaki na "mpende mkeo" na kupigwa begani. Aambiwe kwamba siku atakaposema mbele ya watoto wake "mama yenu hafanyi kazi," anawafundisha wanawe wamdharau mke wa kesho na binti zake wajidharau. Akae na mkewe mara moja kwa mwezi, waandike kilichoingia, kilichotoka na kilichowekwa, pamoja na fedha za kikoba cha mke na deni la mume kazini. Daftari la shilingi elfu moja linatosha. Likiwepo, fedha za mradi zikipotea, wote wawili watajua zimekwenda wapi wangali wanazungumza.

Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa nayo yana nafasi ambayo hayaitumii vya kutosha. Kwa kifungu cha 101, kwa kawaida hakuna anayefungua shauri la talaka bila kwanza kupitia baraza, na baraza likishindwa hutoa hati ya kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata, la kanisa au la msikiti. Mara nyingi wajumbe husikiliza habari za matusi, kipigo na michepuko, wakawaambia rudini mkavumiliane. Wangeuliza pia: nyumba mliipataje, nani anashika fedha, nani anajua deni mlilonalo? Migogoro mingi inayoletwa kama ya tabia ina mzizi kwenye mali, na kwenye hatua hiyo bado inapatanishika. Nyumba ambayo mume anakubali mbele ya wajumbe kwamba ni yao, na mke anakubali kwamba mtaji uliopotea ulikuwa wa wote, ina nafasi ya kupona ambayo hukumu haiwezi kuipa.

Kwa yule ambaye suluhu imeshindikana, mchango wa nyumbani bado unahitaji kuonyeshwa. Mashahidi wa kawaida wanafaa: jirani, mwalimu wa shule ya watoto, mwenyekiti wa mtaa, dada wa mume aliyeishi pale. Risiti za saruji, kitabu cha kikoba na kadi za kliniki zisitupwe. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kwenda kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaotoa ushauri bila malipo. Aende kwao mapema, kabla ya kusaini karatasi yoyote ya kukubali kuondoka.